Karafuu Ndani ya Piano ya Mzee Shaame

Mkiona maneno haya yamepunguzwa katika kijarida chenu, msiambiwe nafasi haikutosha. Muulizeni Nassor Kidundo, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wenu wa muziki. Yeye ndiye anayesoma kila kitu kabla hakijapigwa chapa, na najua hii pia ataisoma. Asalaam alaykum, Nassor. Ni mimi Makame fundi. Bado nipo.

Nyinyi vijana wa darasa la muziki mlinijia nyumbani kwangu Ole mkasema, "Ami Makame, tuandikie kumbukumbu za kazi yako na Mzee Shaame." Mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa bado mdogo, akaongeza, "Utuandikie mambo mazuri tu, ami." Nikamtazama. Neno lile halikuwa lake. Mtoto hawezi kuja kwa mtu kumwomba kumbukumbu na kumpangia papo hapo cha kusema, ila awe ametumwa. Mimi skuli niliiacha mapema nikaingia useremala, hata herufi zangu hizi mtaziona zinavyoyumba, lakini kumjua mtu aliyetumwa sihitaji cheti.

Basi nitaandika niliyoyaona, mazuri na mabaya yakiwa pamoja kama yalivyokuja.

Nilikuwa fundi wa piano. Katika Pemba nzima sikumjua mwengine, wala sijivuni kwa hilo, kwa sababu na piano zenyewe hazikuwapo. Sijawa mzee. Ni masikio yaliyostaafu kabla yangu, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza mumjue Mzee Shaame. Nyinyi mmeikuta picha yake ukutani, kavaa koti, anacheka. Mtu mwenyewe alikuwa mkulima wa Ole, ana mikarafuu yake na kipande cha shamba la muhogo, na koti lile aliazima. Ujanani alikwenda Mombasa akaosha sahani katika hoteli moja iliyokuwa na mpiga piano mgeni. Sahani zikiisha alikuwa akisimama nyuma ya pazia anatazama mikono ya yule mgeni. Mwisho yule mgeni akamwita mbele, akamkalisha. Ndivyo alivyojifunza jazi. Mkisikia jazi msifikirie bendi ya magitaa na watu wanakata viuno. Ile yake ilikuwa ya mtu mmoja na piano moja, haina maneno. Alianza na wimbo mnaoujua, wa harusi au wa watoto wanaochezea mvua, akaupiga vizuri mpaka mkaanza kuuimba, halafu akauacha. Akaenda zake. Mnadhani keshausahau, mara unamsikia karudi nao kwa mlango wa uani.

Wazee walikuwa wakimwuliza, "Shaame, ule wimbo umeupeleka wapi?"

"Umekwenda kutembea."

"Na sisi tuliokuwa tukiuimba?"

"Nyinyi ngojeni. Utarudi, haujui njia nyengine."

Piano aliinunua Wete kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa, waliokuwa wakihama. Gari iliyoipakia ilikwama kwenye tope kabla ya kufika kwake, ikabidi tuibebe mabegani kwa miti ya mianzi, vijana wenye nguvu mbele na nyuma. Nami nilikuwa mmoja wao. Mvua ilikuwa ya manyunyu, tukaifunika kwa shuka nyeupe. Sasa nyinyi fikirini. Watu wanatoka mashambani wanaona kundi la wanaume limebeba kitu kirefu mabegani, kimefunikwa shuka nyeupe. Kila mmoja akaweka jembe chini akaja kupokea bega apate thawabu. Tukapokewa kama jeneza linavyopokewa, huyu anatoka, yule anaingia, na hakuna anayeuliza, maana jeneza huliulizi. Mzee mmoja alibeba kwa bidii sana, kisha akamnong'oneza aliyekuwa jirani yake, "Marehemu mzito huyu. Nani?" Shaame alikuwa nyuma yake. Akamjibu, "Ni piano." Yule mzee akaendelea kubeba hatua kadhaa, ndipo akasema, "Inna lillahi. Na wewe hukusema?" Lakini hakulitoa bega lake mpaka mlangoni. Watu walikuwa hivyo.

Kazi ya kuitunza nikapewa mimi kwa kuwa nilikuwa seremala na nilikuwa na sikio. Kazi hii haina kitabu kwetu. Nikajifunza kwa kuiharibu na kuirekebisha, na wengine wakanisaidia kuiharibu. Bi Mize, mkewe Mzee Shaame, alikisikia kibao kimoja cha kupigia kinalia kii kii akakionea huruma, akamimina mafuta ya nazi ndani. Alidhani kitu kinacholia kinataka mafuta. Sungusungu walikuja kwa mstari kutoka jikoni, panya wakafuata, na panya wakala sufu ya nyundo. Zile nyundo ndogo za ndani zina sufu ngumu kichwani, ndiyo inayogonga waya. Piano ikalia kama sufuria. Nilihangaika na sufu ya kila namna, mwisho nikaona tarbushi. Tarbushi kuukuu, ile nyekundu iliyoshindiliwa, ndiyo sufu yenyewe. Nikazunguka nyumba za watu naomba tarbushi za marehemu babu zao. Shaame alikuwa akisema kila anapopiga sauti nene anawasikia mashehe wanakohoa.

Adui mkubwa lakini hakuwa panya. Ni unyevu. Masika yakiingia vibao vinavimba vinakwama, waya zinapata kutu. Ole wakati ule haikuwa na umeme, la sivyo ungetia balbu. Mimi nilitia chungu cha chokaa mbichi, ile iliyotoka tanuuni haijapigwa maji, chini kabisa ndani ya piano, nyuma ya ubao wa magotini, ule unaoelekea magoti ya mpigaji. Chokaa ile inakunywa unyevu wote. Ikishakuwa unga unaitoa, unatia nyengine. Chokaa nzuri ilitoka Micheweni kwenye nchi ya mawe, na aliyekuwa akituletea kwa baskeli alikuwa Nassor Kidundo.

Ndiyo, huyo huyo. Nassor alikuwa akimpigia Mzee Shaame ngoma, na ndiye aliyepanga safari zao za kwenda kupiga kwenye maharusi. Kijana mchangamfu, mdomo mtamu, kila nyumba anajua kilichopikwa. Chungu kile tulikijua watu wanne tu: Shaame, mkewe, mimi, na Nassor. Hatukumwambia mtu mwengine, kwa sababu watoto wangekwenda kukichezea na chokaa mbichi inaunguza.

Shikeni hilo, maana sasa naingia pale mlipotaka niparuke.

Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu. Nyinyi wadogo labda hamjui ukali wa siku zile. Karafuu ilikuwa inauzwa mahali pamoja tu, kwa serikali, na anayeipeleka ng'ambo kwa siri akikamatwa alikuwa na lake. Walikuja watu wa kuzuia magendo wakawa wanapekua nyumba moja moja. Walipofika kwa Mzee Shaame walipekua uvunguni, darini, jikoni, hawakuona kitu. Mkubwa wao akaiona piano. Akalainika. Akasema, "Mzee, nimesikia habari zako. Hebu tupigie kidogo kabla hatujaondoka."

Shaame akakaa. Mimi nilikuwepo, nilikuja kutazama waya. Akaweka mikono, akapiga.

Haikulia. Ilitoa sauti ya mtu aliyefunikwa mto usoni. Akapiga tena, du, du, du. Shaame akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Yule mkubwa akasema, "Hivi ndivyo inavyolia jazi?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akainama, akanusa, akagonga ubao wa magotini kwa fundo la kidole.

"Hii inafunguliwaje?"

Akaivunja kwa teke. Karafuu, zilizojaa mpaka kukaba waya, zikamwagika mpaka mlangoni, kavu, safi, zimechambuliwa, hakuna kijiti cha konyo hata kimoja.

Wakamchukua Mzee Shaame. Wakanichukua na mimi kwa kuwa ni fundi, wakasema ni nani mwengine angejua kuifungua. Tuliwekwa mbalimbali. Kulikuwa na askari mmoja tukimwita Kirungu, jina lake la kweli sikulipata, na ningelipata ningeliandika hapa kwa herufi kubwa. Aliniuliza karafuu za nani, nikasema sijui. Akanipiga kofi la sikio la kulia. Akaniuliza tena, nikajibu vile vile. Nilipotoka, sikio lile lilikuwa linapiga filimbi, mchana na usiku, filimbi moja isiyokwisha. Fundi wa piano. Mwengine angepigwa mgongoni akasahau.

Mzee Shaame alitoka baada yangu. Aliniambia neno moja tu, "Pole, Makame." Piano hakuigusa tena. Nilimwambia naweza kuitengeneza, nikamletea na tarbushi mpya. Akasema inanuka karafuu. Kweli ilikuwa inanuka, mpaka leo inanuka, lakini Pemba nani anakimbia harufu ya karafuu?

Kilichomwua kidogo kidogo ni jina. Akaitwa Shaame Magendo. Yule aliyekuwa akimwuliza wimbo umekwenda wapi, sasa anauliza gunia limekwenda wapi. Binti yake mkubwa alikuwa na mchumba, wakwe wakatuma mtu kusema wamebadili shauri. Bi Mize akaacha kwenda shughulini. Na siku Mzee Shaame alipokufa, jeneza limewekwa, imamu akauliza kama ilivyo ada, "Mnamshuhudiaje huyu marehemu?" Hapo watu hujibu kwa pamoja kwamba ni mtu mwema, wala hawafikirii. Siku ile walifikiri. Zikatoka sauti chache chache. Na sauti moja kubwa kushinda zote, yenye machozi: "Mtu mwema! Mtu mwema wallahi!"

Nikageuka. Nassor Kidundo.

Tokea hapo sikumwachia. Kabla ya siku ile nilimshuku kila mtu. Nilimshuku hata yule mwenye duka wa Wete, ingawa alishahama, kwamba alitaka piano yake irudi. Nilimshuku Bi Mize, kwamba amechoka na kelele. Mungu anisamehe, nilimshuku hata Shaame mwenyewe. Lakini ule ukelele wa mazikoni ulinifanya nirudi nyuma nifikiri. Chungu cha chokaa. Aliyetia zile karafuu angekuwa mgeni angekipiga teke chungu, na karafuu zingechanganyika na chokaa zikaharibika. Zile zilikuwa safi. Kwa hiyo aliyezitia alikitoa chungu kwanza. Alijua kipo. Toeni Shaame na mkewe, toeni mimi, atabaki nani?

Nilimwambia Nassor uso kwa uso, sokoni Wete, mbele ya watu. Akanikumbatia. Akawaambia watu, "Msimjali, tangu apigwe lile kofi hayuko sawa." Watu wakaniombea dua. Nassor huyo, ogopeni mtu anayeweza kukufanya uombewe dua hali wewe ndiye unayesema kweli.

Yeye akaendelea kupanda. Akafungua duka, akaingia kamati hii na ile, akahiji. Kisha likaja hili la ukumbi. Wafadhili wanataka sanaa, vijana wanataka mahali, na Nassor akasema ukumbi uitwe kwa jina la Mzee Shaame, na piano yake iwekwe ndani. Nikajiuliza anataka nini. Mtu hapandi maua juu ya kaburi la mtu aliyemzika yeye mwenyewe ila ana jambo.

Mlikuja Ole na gari kuichukua, wengine wenu mlikuwa mmekaa nyuma ya gari. Nassor kavaa kanzu na koti, kashika bakora. Bi Mize alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nami nilikuwa ndani naifunga piano kamba, kwa kuwa aliniita yeye, si kamati.

"Shikamoo, dada Mize," Nassor akasema.

"Marahaba. Karibuni."

"Tumekuja na vijana. Leo Shaame anakwenda mjini kwa heshima."

Bi Mize akapuliza makapi. "Piano hino haitoki, Nassor, mpaka uwaambie hawa watoto nani alitia karafuu."

Nilisimama mlangoni. Nyinyi mliokuwa mkicheka kwenye gari mkageuza vichwa kumtazama.

"Dada, mambo ya zamani hayo. Hata wewe huyajui, mimi siyajui."

"Mimi nayajua. Nilikikuta chungu uvunguni mwa kitanda changu siku ile ile, kimefunikwa kawa kisimwagike. Nani angekiweka kwa adabu vile? Mwizi?"

"Sasa mbona hukusema?" Nilisema mimi, si Nassor. Sauti yangu ilipanda, kwa kuwa siisikii vizuri ninaposema.

Hakunigeukia. "Shaame alinikataza. Alisema Nassor ana watoto wadogo, akifungwa watakula wapi."

"Na mimi? Sikio langu?"

Hapo akaacha ungo. "Nilimwambia na hilo, Makame. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia."

Niwaambie kweli, vijana wangu, kwa muda pale barazani nilimchukia Mzee Shaame kuliko Nassor. Mtu anaamua kusamehe, na msamaha wake analipa mwengine. Yeye aliwaonea huruma watoto wa Nassor. Mimi nilikuwa mtoto wa nani? Sijamaliza kumsamehe. Nikimaliza nitawajulisha.

Nassor alikuwa kaegemea bakora yake. Alitazama gari, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo hata nikalazimika kugeuza upande wa sikio zima: "Ni mimi. Walikuwa wanakuja, sikuwa na pa kuzitia. Nilidhani watapita tu. Nilidhani hakuna atakayegusa piano."

"Hayo," Bi Mize akasema, "utayasema siku ya kufungua, mbele za watu. Hapa Ole najua wanaosikia ni kuku, watoto na Makame."

"Nitasema."

"Basi ichukueni. Ibebeni polepole."

Nikamwonya baadaye. Nikamwambia, "Bi Mize, umeitoa kabla hujapata. Huyu namjua." Akasema na yeye anamjua, kwa hiyo atavaa buibui lake jipya aende akakae mbele.

Nilikuja ukumbini kuitengeneza, siku nyingi kuliko nilizozoea, kwa sikio moja, na mnakumbuka nilivyokuwa nikilaza kichwa juu ya mbao kama mtu anayesinzia. Mbinu hiyo ichukueni: masikio yakichoka, weka meno au fupa la shavu kwenye ubao, mtetemo utaingia kwa njia ya mfupa. Waya mbili zilizo karibu kulingana zinatetemeka kwa mawimbi, wau, wau, wau. Kaza polepole mpaka mawimbi yalale. Msiikaze kwa haraka, waya za kutu zinakatika na zinapiga uso.

Siku ya ufunguzi mlikuwepo wote. Dua ikasomwa. Wageni wakatambulishwa mmoja mmoja. Nassor akapanda, akavaa miwani, akaanza kusoma habari za Mzee Shaame: Mombasa, sahani, pazia, piano kubebwa kama jeneza, watu wakacheka. Kumbe hadithi zangu zote anazo. Kisha akafika mahali pale. Akasema, "Lakini katika msimu mmoja wa karafuu, watu wasiojulikana walitumia piano ya mzee wetu kwa maovu yao, na yeye asiye na hatia akaadhibiwa."

Watu wasiojulikana. Na nyinyi mkapiga makofi. Nyinyi mliokuwa nyuma ya gari Ole, mliosikia kwa masikio yenu mazima, mkapiga makofi. Ndiyo maana nimeandika, kwa sababu nataka mjue niliwaona.

Bi Mize alikuwa safu ya mbele upande wa wanawake, na binti zake wote kushoto na kulia, yule mkubwa aliyeachwa na mchumba kamshika mkono. Alingoja makofi yaishe. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemrudisha mtoto kwenye juzuu yake, "Nassor. Anza tena hapo."

Nassor akatazama karatasi. Akamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akatazama saa yake.

"Anza tena hapo," Bi Mize akasema.

Akavua miwani. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. Alisema, "Ni mimi niliyetia karafuu ndani ya piano ya Shaame. Yeye hakujua. Makame fundi hakujua. Walipigwa na kufungwa kwa ajili yangu, nikanyamaza mpaka leo." Akasimama pale pale, hajui ashuke au akae.

Mara hii hapakuwa na makofi. Mtu mmoja nyuma, mwanamme mzima, akasema, "Shaame alikuwa mtu mwema," na mwengine akasema hivyo hivyo, ikapita ukumbini safu kwa safu, bila kelele. Bi Mize hakulia. Aliwageukia binti zake, akawaambia, "Mmesikia?" Wakasema wamesikia.